Alisikia Nini Shangani?

Kwa misimu mitatu ya watalii nilijipatia riziki kwa uongo mmoja, na ulikuwa uongo mtamu. Nilikuwa bado mwanafunzi, ada inadaiwa, na sahibu yangu mmoja akanionyesha njia ya kuwatembeza wageni Mji Mkongwe bila kibali wala kitambulisho, kazi ambayo wenyewe tunaiita upapasi. Ziara yangu ilikuwa fupi. Tulianzia Forodhani, tukapita Ngome Kongwe, tukaenda hadi Mkunazini palipokuwa na soko la watumwa, kisha nikawarudisha Shangani kwa vichochoro vya kuzungukazunguka ili safari ionekane ndefu na bei ionekane halali. Mwisho niliwasimamisha mbele ya nyumba yenye mlango wa kuchonga, nikanyamaza kidogo kama imamu anayesubiri safu zinyooke, halafu nikasema: hapa ndipo alipokulia Freddie Mercury.

Nyumba yenyewe ilibadilika kutegemea siku. Mjini zipo nyumba zaidi ya moja zinazodaiwa kuwa za akina Bulsara, na mimi niliichagua ile isiyokuwa na papasi mwingine mlangoni. Lakini huo sio uongo ninaoukusudia. Uongo ulikuja baada ya picha. Nilikuwa nikiwaambia kwamba kila alfajiri mtoto yule aliamshwa na adhana ya msikiti wa jirani, na kila usiku alilala huku taarabu ikipigwa barazani, na ndiyo maana sauti yake ilipanda vile na kukatika vile. Ukitaka kuisikia Zanzibar, niliwaambia, sikiliza ile sehemu ya katikati ya "Bohemian Rhapsody". Wengine walifumba macho palepale kichochoroni wakaisikia. Bakhshishi ilikuwa nzuri.

Siku moja mgeni mmoja wa makamo, aliyekuwa mwalimu wa muziki kwao, hakufumba macho. Aliniuliza kwa upole: "Taarabu ipi? Nyimbo gani hasa? Nipeleke nikasikilize alichokisikia yeye." Nilimpeleka kwenye duka la vinyago lililokuwa likiuza na CD, akanunua moja kwa adabu tu, nadhani, maana hata hakuigeuza kusoma nyuma. Tulipoagana alinilipa zaidi ya tulivyopatana, na hilo ndilo lililoniuma. Upapasi nimeshauacha. Swali lake bado ninalo.

Tuanze na tarehe, maana tarehe hazipokei bakhshishi. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, katika hospitali ya serikali. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarati, watu wa dini ya Zoroasta. Baba alikuwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu wakati wa Waingereza. Mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka minane, mtoto alipelekwa skuli ya bweni ya St. Peter's huko Panchgani, India. Huko ndiko alikoisomea piano, huko ndiko wenzake walikomzoesha jina la Freddie, na huko ndiko alikounda bendi yake ya kwanza, The Hectics, wakipiga rokenroli iliyokuwa ikivuma Marekani na Uingereza. Alirudi Unguja mwaka 1963. Mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964, na mwaka huohuo familia ikahamia Feltham, magharibi ya London. Alikuwa na miaka kumi na saba.

Miaka minane ya utoto na kipande cha ujana. Si kitu kidogo kwa sikio. Mtoto wa miaka minane mjini hapa anaweza kukuambia kwa macho yaliyofumbwa yuko mtaa gani. Kuna muuza kahawa anayegonganisha vikombe, kuna kengele za kanisa la Minara Miwili, kuna adhana zinazopishana kwa nusu dakika kutoka msikiti hadi msikiti. Katika miaka ile kulikuwa pia na nyimbo za filamu za Kihindi zikitoka Majestic na Empire na kufuata watu hadi majumbani, na redio ya Sauti ya Unguja ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Yote hayo yangeweza kumfikia.

Lakini taarabu? Hapa ndipo ziara yangu ilipokuwa ikiyumba. Taarabu ya mjini wakati huo ilikuwa na nyumba zake. Nadi Ikhwani Safaa, iliyoundwa mwaka 1905, ilikuwa klabu: watu wanajuana, wanajifunza udi na ganuni na fidla, wanapigiana wenyewe kwa wenyewe na kwenye harusi za waliowaalika. Haikuwa muziki wa kupigwa barazani kila usiku ili mtoto wa Kiparsi apate usingizi. Zanzibar ya Waingereza ilikuwa mji ambao watu wanaishi ukuta kwa ukuta na bado kila kabila lina klabu yake, skuli yake, makaburi yake. Sisi tunaosifu mchanganyiko wetu kwa wageni huwa tunasahau kwamba uchochoro mwembamba hauwalazimishi watu kuingia nyumba ya jirani.

Basi nikaziendea nyimbo zenyewe, jambo ambalo ningelifanya kabla ya kuwatoza watu fedha. Nilisikiliza kwa wiki nzima, albamu za Queen upande huu na rekodi za taarabu upande huu, nikitafuta mahali zinapogusana. Mwimbaji wa taarabu ya kale hukaa au husimama wima, uso hautikisiki, na kazi yote inafanyika ndani ya sauti: sauti inazunguka, inarudi, inaning'inia baina ya noti mbili ambazo piano haina nafasi ya kuzipiga. Mercury anafanya kinyume chake. Sauti yake inaruka kwa ngazi safi za piano, inatua pale ilipolenga, na mwili mzima unaifuata. Ile sehemu ya katikati ya "Bohemian Rhapsody", ya mwaka 1975, ambayo mimi niliiuza kama adhana, ni opera iliyotengenezwa studio na sauti za watu watatu, Mercury, Brian May na Roger Taylor, zilizorekodiwa juu ya nyingine na nyingine hadi zikawa umati. Inatoka Italia kwa kupitia London. Ndani yake limo neno "bismillahi", na neno hilo lilikuwa ndiyo silaha yangu kuu. Sikiliza tena. Neno hilo limekaa pamoja na majina ya Kitaliano kama vazi la jukwaani: linapendeza, linatisha kidogo, halina kazi ya dua. Mtu yeyote mwenye sikio la vituko vya maneno angeweza kulichukua popote.

Wimbo ulionisumbua ni mwingine, na huo sikuwahi kuutaja kwa mgeni hata mmoja kwa sababu sikuujua. Unaitwa "Mustapha", ndio unaofungua albamu ya *Jazz* ya mwaka 1978. Unaanza na sauti peke yake, bila ala, inanyanyuka na kuvutwa kwa namna ambayo Muislamu yeyote huinua kichwa kabla hajajua kwa nini. Kisha gitaa na ngoma zinaingia na kila kitu kinageuka mbio. Maneno yake yamechanganywa: mna Kiarabu, mna kinachofanana na Kiajemi, mna Kiingereza kidogo na mna maneno ambayo si ya lugha yoyote. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilikasirika. Mara ya tatu nikafikiri: hivi ndivyo adhana inavyosikika kwa mtu anayeisikia mara tano kwa siku katika nyumba ambayo haiitwi. Muumini akisikia hupata maana kabla ya sauti. Jirani asiye muumini hupata sauti tupu, na miaka ikipita sauti ile inakuwa mali yake bila maana kuwahi kufika. Katika wimbo ule sioni kejeli, wala sioni ibada. Naona kumbukumbu ya jirani.

Haya, na India nako kuna misikiti. Sikio halipigwi muhuri wa uhamiaji. Huwezi kusema sauti ile ni ya Shangani na si ya Panchgani, na kama ningekuwa bado papasi ningekuapia kwamba ni ya Shangani. Ninachoweza kusema ni kwamba kama Unguja imo kwenye muziki wa Freddie Mercury, basi imo kwa namna hiyo: sauti ya watu wengine iliyosikika kwa dirishani. Ni kidogo kuliko nilivyokuwa nikiuza, na kwangu mimi inavutia zaidi.

Ila swali la yule mwalimu lina mgongo wake, na mgongo wenyewe unatuhusu sisi. Yeye alisikia nini kwetu ni nusu. Sisi tulisikia nini kutoka kwake?

Tarehe 13 Julai 1985 pale Wembley, mbele ya watu wapatao 72,000, Queen walipiga kwa dakika kama ishirini na wengi hadi leo wanasema hakuna aliyewahi kuushika umati vile. Mama yangu alikuwa Unguja siku hiyo, msichana mkubwa mwenye redio. Jina la Freddie Mercury alilisikia kwa mara ya kwanza miaka mingi baadaye, kutoka kwa watalii. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kuitaja Zanzibar hadharani, na Zanzibar haikuwa na sababu ya kumtaja. Alipofariki tarehe 24 Novemba 1991, utalii wetu ndio kwanza ulikuwa unaota meno. Ulipokua ndipo jina lake liliporudi, na lilirudi kwa njia ya biashara: mkahawa ufukweni, fulana, ziara, na vijana wa aina yangu.

Mwaka 2006 mkahawa huo ulipanga kusherehekea miaka sitini ya kuzaliwa kwake. Jumuiya ya Uamsho ikapinga, ikisema maisha yake yalikuwa kinyume na maadili ya Kizanzibari, na sherehe ikafutwa. Nilikuwa mdogo, nakumbuka tu mabishano ya watu wazima pale Jaws Corner baina ya kikombe na kikombe. Miaka kumi na mbili baadaye filamu ya *Bohemian Rhapsody* ikaijaza dunia, na Novemba 2019 makumbusho ya Freddie Mercury yakafunguliwa Shangani. Nimeingia. Ni mahali pa picha na maelezo, pametengenezwa kwa heshima, na mtoto yule aliyevaa kaptura kwenye picha ni mtoto wa mji huu, hakuna wa kubisha. Kinachonikera si makumbusho. Kinachonikera ni kwamba ukiyasikiliza mabishano yote, ya 2006 na ya baadaye, waliomkataa walizungumza juu ya kitanda chake na waliomkubali walizungumza juu ya cheti chake cha kuzaliwa. Hakuna upande ulioweka santuri.

Na mwaka huohuo wa 2019, hatua chache kutoka hapo, katika lile jumba la forodha la zamani linalotazama bahari Mizingani, Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kilitangaza kwamba fedha zinakwisha na huenda kikafunga milango. Chuo hicho kilikuwapo tangu mwaka 2002. Ndipo vijana walipokuwa wakienda kujifunza ganuni kutoka kwa wazee ambao ndio waliobaki wakiijua, na wengi wao hawakuweza kulipa hata ada ndogo ya mwezi. Kwa hiyo wageni waliokuja kutafuta alichokisikia Freddie walipita chini ya madirisha ya watu waliokuwa wakikipiga, wakaelekea kwenye picha. Nasema hivi nikijua vizuri kwamba mimi nilikuwa mmoja wa waliowapitisha. Madirisha yalikuwa wazi. Muziki ulikuwa ukisikika. Sikuwahi kusema "ngojeni tusikilize kidogo", kwa sababu kusikiliza kunachukua muda na wateja wengine wanasubiri.

Kuna barabara moja ambayo sikuwahi kuivusha ziara yangu, nayo ni ile ya Darajani. Kwa asiyejua: hapo zamani palikuwa na hori la maji lililoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Maji yamefukiwa, barabara imepita juu, na jina la Ng'ambo limebaki, maana ng'ambo si lazima pawe na maji. Upande huu ni majumba ya mawe. Upande ule ndiko walikoishi wachukuzi, wavuvi, watumwa walioachwa huru na watoto wao, na ndiko anakoishi karibu kila mtu ninayemjua. Mimi nimezaliwa huko. Nilikuwa navuka barabara asubuhi kwenda kuwaambia wageni habari za muziki wa Shangani, na jioni navuka kurudi nyumbani kwenye muziki.

Roki ni nini, ukiondoa gitaa? Nionavyo mimi, ni vijana wasiokuwa na kitu wanaochukua muziki wa watu wenye nafasi, wakauvua koti, wakaukimbiza, wakaupigia kelele, viuno vikatikisika na wazee wakasema dunia imekwisha. Kama ni hivyo basi roki ya Unguja ina jina, na jina lake ni kidumbaki.

Niliielewa hivyo kwenye harusi ya binti wa shangazi yangu, Kwahani, uani, chini ya turubai. Kidumbaki huchukua nyimbo zilezile za taarabu kubwa, zile zilizopigwa na ala ishirini kwa adabu, na kuzipiga kwa vyombo ambavyo watu watano wanaweza kuvibeba juu ya gari la ng'ombe: ngoma mbili ndogo zilizoipa jina, mkwasa wa kugonganisha, cherewa za kifuu zenye mbegu ndani, fidla moja, na sanduku. Sanduku ni sanduku kweli, lile la mbao la kupakilia chai, limegeuzwa kifudifudi, limetobolewa, limefungwa kamba na fimbo, na mpigaji anaikaza na kuilegeza kamba kupata noti. Ndilo besi. Aliyelipiga siku ile alikuwa amelikanyaga kwa mguu mmoja kana kwamba lingekimbia. Fidla ilikuwa inalia kama mtu anayegombana na jirani na hataki kuamuliwa. Wakaanza na wimbo wa taratibu unaojulikana na wote, wa heshima, halafu pasipo kusimama wakaingia wa pili, wa tatu, kila mmoja kwa kasi zaidi, karibu saa nzima bila pumzi, na kinamama wakatengeneza duara na duara likaanza kuzunguka na viuno vikaanza kusema mambo ambayo maneno ya wimbo yalikuwa yameyaficha kwenye mafumbo. Bibi mmoja wa upande wa bwana harusi, mtu wa mjini hasa, alinong'ona kwamba hii si taarabu. Alikuwa sahihi. Dakika kumi baadaye alikuwa ndani ya duara.

Sikiliza pia waimbaji wake. Makame Faki, aliyejulikana Unguja nzima kwa jina la Sauti ya Zege, alikuwa akiimba na Culture Musical Club kwenye taarabu kubwa na akiongoza kidumbaki. Jina walilompa linaeleza kila kitu. Sauti ya Mercury ni ya kioo: inang'aa, kingo zake kali, unaogopa itavunjika na haivunjiki. Ya Makame ni zege, ina kokoto ndani. Imetengenezwa na uwanja wa wazi, kelele za wanawake mia na usiku usiokuwa na kipaza sauti cha maana. Ningeweza kuwawekea wageni wangu sauti hizo mbili kwa kufuatanisha, dakika tatu kwa tatu, na ingekuwa ziara bora kuliko yote niliyowahi kufanya.

Na kama tunatafuta nyota, Ng'ambo ilikuwa na nyota kabla Farrokh hajazaliwa. Siti binti Saad alitoka Fumba, mtoto wa ukoo uliopitia utumwa, akahamia mjini akiuza vyungu. Mwaka 1928 yeye na wapigaji wake, akina Subeit Ambar, Budda Swedi, Mbaruku Talsam na Maalim Shaaban, walipanda meli hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV. Santuri zile zilienea pwani nzima. Aliimba kwa Kiswahili muziki ambao wenye majumba walikuwa wameuzoea kwa Kiarabu, na alichoimba kilikuwa habari za mji: mahakama zinazowaachia wakubwa, wanawake waliodhulumiwa, mwizi fulani, hakimu fulani. Mwimbaji wa tabaka la chini, chombo kipya cha kuuzia sauti, lugha ya mtaani, na watu wanaojiona ndani ya wimbo: huo ndio muziki wa kileo, na sisi tulikuwa nao miaka ileile Marekani ilipokuwa ikiuza blues kwenye santuri. Siti alifariki mwaka 1950. Yeye na Farrokh walikaa kisiwa kimoja karibu miaka minne. Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Mgeni wangu hata mmoja hakuwahi kulisikia jina lake kutoka kinywani mwangu.

Mtaniuliza, na Bi Kidude? Huyo wageni wanamjua, tena ana fulana zake. Alistahili kila tuzo aliyopewa, ikiwemo ya WOMEX ya mwaka 2005, na kwa moshi wake wa sigara na ngoma yake kiunoni alikuwa mwanaroki kuliko wanaroki. Lakini nitasema neno litakaloudhi: wengi wetu tulijifunza kumpenda baada ya Ulaya kumpenda. Tuna mazoea ya kusubiri mtu arudi na stempu ya nje ndipo tumtie kwenye fremu.

Kuna kisa ambacho mjomba wangu hukisimulia kila tukila pamoja, na nakileta hapa kwa sababu kinaonyesha roki ilipofika kweli kisiwani ilifikaje. Baada ya Mapinduzi, katika miaka ya mwisho ya 60 na ya 70, mavazi na nywele za vijana zilikuwa jambo la serikali. Suruali pana za chini, ambazo Unguja ziliitwa bugaluu, zilikatazwa, na nywele ndefu pia. Bara nako, Novemba 1969, muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Mjomba alikuwa na bugaluu moja tu, ya rangi ya maziwa, aliyoshonewa kwa siri na fundi wa Mchangani kwa kutazama picha ya gazeti. Aliivaa mara mbili. Mara ya pili vijana wa ulinzi walimsimamisha barabarani, wakaikata kwa mkasi kuanzia magotini, na akatembea hadi nyumbani akiwa na vitambaa viwili vinapepea. Nilimuuliza siku moja, mjomba, ulikuwa unasikiliza nani enzi hizo? Elvis? Beatles? Akafikiri. Akasema nyimbo hakuzijua hata moja vizuri, redio ilikuwa ya baba yake na baba yake alikuwa akitaka taarifa ya habari tu. Alichokitaka yeye ni ile suruali. Nimesoma mambo mengi juu ya athari ya muziki wa Magharibi kwa vijana wa Afrika, na sijaona mahali palipoandikwa kwamba mtu anaweza kuadhibiwa kwa ajili ya muziki ambao hata hajausikia.

Niliyaandika haya yote, nikafikiri nimemaliza: Freddie hakutusikia sana, sisi hatukumsikia kabisa, na barabara ya Darajani iko katikati. Kisha Januari nikaenda Amaan na wapwa zangu kutazama mechi ya Kombe la Mapinduzi. Tulikaa upande wa jua kwa sababu ni wa bei nafuu. Timu yetu ilipopata kona, watoto wa skuli waliokaa nyuma yetu wakaanza kupiga viti vya plastiki kwa miguu na mikono: mguu, mguu, kofi. Mguu, mguu, kofi. Safu nzima ikadakia, kisha jukwaa zima.

Ni pigo la "We Will Rock You", la mwaka 1977. Halikutungwa hata na Freddie. Ni kazi ya Brian May, aliyetaka wimbo ambao umati unaweza kuupiga kwa miili yao bila kuhitaji bendi. Nikawageukia watoto wale nikawauliza hili pigo mmelitoa wapi. Mmoja akasema kwenye mpira wa Ulaya. Mwingine akasema kwenye tangazo. Mwingine akaniangalia kama nimeuliza nani aliyetunga kupiga makofi. Nikawaambia bendi ile mwimbaji wake alizaliwa hapa Unguja, hospitali ya pale mjini. Wakasema "aa", wakarudi kwenye kona.

Nikabaki nikisikiliza, kwa sababu kulikuwa na kitu hakikai sawa. Kwenye rekodi, baada ya kofi kuna kimya. Mguu, mguu, kofi, kimya: nguvu yote ya pigo lile iko kwenye ile nafasi tupu, ambapo watu elfu sabini wanashusha pumzi kwa pamoja. Jukwaa la Amaan halikuwa na kimya. Mahali pa nafasi ile kulikuwa na mzee mmoja safu ya chini mwenye debe na vijiti viwili, na kila umati ulipofika pale penye shimo yeye alilijaza, ta-ka-ta, kwa haraka, kwa mwendo wa mkwasa, ule wa kuharakisha wanawake kwenye duara. Watoto wakaanza kumfuata yeye. Pigo likaharakishwa, likapinda, na kufikia kona ya pili mtu kutoka London asingelitambua tena. Kona ilipigwa vibaya, mpira ukatoka nje. Debe liliendelea.